Bisibisi ya elfu mbili na saksafoni ya kanisa

Mimi nimezaliwa bareki. Baba yangu alikuwa askari polisi lakini bunduki sikumbuki kama nilimuona nayo zaidi ya mara mbili, kazi yake ilikuwa kupuliza yufoniamu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kwenye bendi, na ndo maana hapa Kampala watu wakisikia Kiswahili changu wananiuliza kama natoka Mombasa ama mimi ni afande. Hapana jamani. Nilikulia tu kwenye zile nyumba za bati za duara ambazo sisi watoto tulikuta zinaitwa "mama ingia pole", mlango mdogo mpaka uiname, na lugha ya kupigania mpira pale ilikuwa Kiswahili.

Baba alikuwa na mkebe wa biskuti ambao hatukuruhusiwa kuugusa. Biskuti ziliisha zamani sana kabla sijazaliwa, ndani mlikuwa na bisibisi mbili za bapa zilizonolewa miaka na miaka mpaka zikawa fupi kama kidole, sindano ya kufumia vitambaa, uzi na kipande cha nta, kijiti cha mti mgumu kilichochongwa kama ulimi, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Basi. Na kwa mkebe huo alikuwa anatengeneza vyombo vya wenzake nusu ya bendi. Mimi nikiwa kijana nilimuona mzee mshamba tu, nikajiambia nikija kuwa fundi ntakuwa na sanduku la maana.

Fundi nikawa kweli. Leo ni mwaka wa kumi na kitu, natengeneza zaidi gita, alafu saksafoni na tarumbeta za makanisa na za bendi za shule, na mara moja moja naletewa adungu, kile kinubi cha ndugu zetu Waalur. Vijana wanaotaka kuingia kazi hii swali lao la kwanza huwa ni moja, ninunue vifaa gani. Sina jibu fupi, nina tu hasara zangu, nawapa hizo.

Sanduku langu la kwanza nililinunua kwa kijana anayetembeza bidhaa karibu na old taxi park. Vipande 32 kwenye boksi la plastiki la rangi ya machungwa, aliniambia elfu 40 tukashindana mpaka elfu 25, nikaondoka nimelikumbatia kama mtu aliyenunua gari. Bisibisi za kila aina, plaizi tatu, nyundo ndogo, tupa sita, kisu, futi. Sasa mimi mwenyewe sikupiga hesabu, elfu 25 ukigawanya kwa vipande 32 kila kimoja hakifiki hata shilingi elfu moja! Ile bisibisi moja ndefu ya bapa niliongezea peke yake, elfu mbili. Chuma gani utapata kwa elfu mbili, ukiondoa faida ya yule kijana na ya aliyemuuzia jumla kule Kikuubo na ya aliyeileta kwa meli?

Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa alto saksafoni ya kanisa moja, padi mbili, vile vifuniko laini vya kuziba matundu, zimekatika na funguo moja imekwama. Kama hujawahi kufungua saksafoni, funguo zake zinazunguka kwenye fito nyembamba za chuma, kila ufito umepita kwenye tundu la nguzo moja na mwisho wake umekazwa kwa nyuzi za skrubu kwenye nguzo ya pili, na kichwani una mfereji mmoja tu wa bapa. Ufito ule ulikuwa umeshika kutu, mate na jasho la miaka mingi ya mapambio. Nikaingiza ile bisibisi ya elfu mbili nikazungusha, nikafurahi naona inazunguka, kumbe kinachozunguka ni ncha ya bisibisi yenyewe, imejisokota kama chapati ya rolex, ile inayoviringishiwa mayai. Nikaigeuza upande mwingine nikakaza nguvu zaidi. Ikapanda ikatoka kwenye mfereji, ikateleza juu ya mwili wa saksafoni, mstari mrefu kama kidole changu cha kati umekwaruza rangi yote mpaka shaba inaonekana. Na mfereji wa ule ufito nusu yake imeliwa.

Mzee wa kwaya alipokuja akaigeuza geuza kwenye mwanga wa mlango, kimya, alafu akaniuliza taratibu, "Kijana, ulikuwa unaitengeneza ama ulikuwa unachinjia mbuzi?"

Hela ya kazi sikuidai. Na bado ufito ulikuwa haujatoka, nikalazimika kuuchonga mfereji mpya kwa msumeno mwembamba, kuweka mafuta na kuyaacha yalale usiku mzima, alafu kwenda kwa fundi wa kerezo anitengenezee ufito mwingine. Bisibisi ya elfu mbili ilinigharimu kama laki moja na nusu ukijumlisha na malipo niliyosamehe.

Nilipoenda kijijini kumsalimia baba nikamsimulia nikijua atacheka. Hakucheka. Akasema niletee hiyo bisibisi niione, kwa bahati nilikuwa nayo kwenye begi. Akaishika ncha yake kwa ukucha wa kidole gumba akaniambia hii ni kabari, hii ya kupasulia kuni. Na ndo hapo nikaelewa jambo ambalo boksi zima la vipande 32 halikunieleza. Bisibisi nyingi za bapa za bei rahisi ncha yake ni nene juu nyembamba chini, kwa hiyo ukiiweka kwenye mfereji inagusa mdomo wa juu tu, chini inaelea, na ukizungusha kwa nguvu umbo lake lenyewe linaisukuma ipande itoke. Bisibisi ya kazi yetu pande zake mbili za ncha ziko sambamba, inashuka mpaka chini ya mfereji na kulala kwenye kuta zote mbili. Upana wake ulingane na kichwa cha skrubu, ikizidi inakwaruza nguzo, ikipungua inakula mfereji. Ndo maana za baba zilikuwa fupi, alikuwa kila mara anazichonga upya kwa tupa ili ziingie kwenye skrubu iliyo mbele yake.

Nikamuomba anipe. Akanipa moja. Nikamuuliza na ya pili je, akasema, "Ya pili bado naitumia." Mzee amestaafu, yufoniamu yenyewe aliirudisha serikalini siku nyingi, sijui anaitumia kufanya nini.

Niliporudi Kampala nikafanya kitu kimoja ambacho kama ningekifanya mwanzo ningeokoa pesa. Nina daftari ninaloandika kazi zote na pembeni naandika hasara, yani kila nilichosamehe ama kulipa kwa sababu nimeharibu mimi. Nikakaa nikapitia ule mwaka na nusu wa mwanzo mstari kwa mstari. Bisibisi. Plaizi. Tupa. Bisibisi tena. Nyundo. Alenki. Hasara zote, bila kubakiza hata moja, zilitoka kwenye kifaa kinachogusa chombo cha mtu. Hakuna hata mstari mmoja unaosema benchi iliniangusha, ama klampu ya kubania, ama taa, na vitu hivyo vyote vilikuwa hovyo, benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani juu ya mapipa mawili ya mafuta. Tangu siku hiyo nikishika kifaa dukani najiuliza swali moja tu, hiki kitagusa wapi. Kikigusa chombo nalipa bei kamili na kama sina hela narudi mwezi ujao. Kisipogusa, nachukua cha bei yoyote ama natengeneza mwenyewe.

Kwenye bisibisi za nyota nako kuna mtego. Watu wengi tunajua nyota ni nyota, kumbe hazifanani. Kuna Phillips ya kawaida, kuna Pozidriv ambayo kichwa chake kina vimistari vinne vidogo vya ziada katikati ya ile misalaba, na kuna nyota ya Kijapani, JIS, ambayo ukiitazama ni kama Phillips lakini kona zake ni tofauti kidogo, na Phillips ikiingia pale haifiki chini vizuri, ukikaza inaruka na kula kichwa. Mafundi wa pikipiki za Kijapani wanaijua shida hii kuliko sisi. Vyombo vilivyotoka Japani viko vingi sana huku, mitumba na mipya, kwa hiyo nilinunua moja tu ya JIS saizi namba 1 na nyingine namba 2, nikaona vichwa vya skrubu vimeacha kuliwa. Zile mbili zinanitosha mpaka leo.

Plaizi ntasema kwa kifupi. Zile zenye meno ndani ni za waya za fensi, zikibana kitu cha shaba zinaacha alama ambazo hazitoki. Tafuta zenye midomo laini, ama chukua nzuri yenye meno uende ukayasage yote yaishe, mimi moja nimeivalisha ngozi ya mbuzi kutoka kwa wachonga ngoma wa Mpambire, pale barabara ya Masaka, walinipa vipande vya kutupwa bure. Na plaizi ya aina yoyote isisogee karibu na kipulizio cha tarumbeta kilichokwama! Hii kila mwezi Disemba naletewa, bendi ya shule imeangusha tarumbeta, kipulizio kimeng'ang'ania, mwalimu mwenye mabega mapana amekibana na plaizi akazungusha, sasa badala ya kipulizio kilichokwama nina bomba la mbele lililosokotwa. Kuna kifaa chake maalum cha kuvutia, kinabana pande mbili na kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha. Kwa miaka minne sikuwa nacho, nilikuwa nagongagonga pale kinapoingilia kwa kinyundo kidogo cha mbao huku nazungusha tarumbeta polepole, vingi vilitoka. Visivyotoka niliwarudishia wenyewe nikawaambia wasubiri, na hapo nilipata heshima zaidi kuliko ningejaribu.

Sasa tupa. Hapa naomba mnivumilie maana ndo penye utamu wa kazi ya gita.

Gita likiletwa linalia vibaya, mara nyingi ni freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, zimeliwa na nyuzi, ama ule mfupa wa juu ambao nyuzi zinapita, tunaouita nati, mifereji yake imechongwa vibaya. Kwenye nati kila uzi una unene wake na unataka mfereji wake. Seti ya kawaida nyepesi ya gita la umeme inaanza na uzi wa inchi 0.010 na kuishia 0.046, kwa milimita ni kama 0.25 mpaka 1.17. Ukichonga mfereji mwembamba uzi unabanwa, ukikaza sauti inapanda kwa kuruka na kutoa kelele ya tik tik. Ukichonga mpana uzi unacheza na kuvuma kama nyuki. Na ukishuka chini kupita kiasi, hata nywele moja tu, uzi unagonga freti ya kwanza na nati nzima imekufa, uanze upya na mfupa mwingine. Tupa maalum za kazi hii zinachongwa kwa kila unene na zinauzwa ghali, na hapa Kampala sikuwahi kuzikuta dukani, mpaka mtu akuletee.

Nilichofanya mimi ni kwenda Katwe kwa watu wa kuchomelea kwa gesi. Wana vile vifaa vidogo vya kusafishia matundu ya mdomo wa gesi, vishada vya waya nyembamba nyingi zenye mikwaruzo kama tupa, kila moja na unene wake, zinajikunja kama kisu cha mfukoni. Nikapima moja moja kwa kalipa nikachagua zinazokaribia nyuzi zangu. Zinafanya kazi, lakini polepole, na zile nyembamba zinapinda, ukipinda tu mfereji nao unapinda. Nyingine nilitengeneza kwa fila geji, ile ya makanika ya kupimia nafasi za valvu, zile bapa zake nikazikata meno pembeni kwa tupa ya pembe tatu, meno madogo madogo, jioni tatu nzima niko kwenye hiyo kazi na mke wangu ananiuliza kama nimechanganyikiwa. Hizi ndo zilinibeba kwa miaka miwili, na leo nina tupa tatu tu za kununua, zile za nyuzi nyembamba ambako makosa hayasameheki. Nyuzi nene bado natumia za Katwe.

Kwa freti unahitaji tupa moja ndefu iliyonyooka kabisa. Nasema kabisa. Kwenye lile boksi la machungwa tupa zote zilikuwa zimepinda kama ndizi, mimi sikujua, nikasawazisha freti za gita la kijana mmoja anayepiga kwenye bendi ya Wakongomani, nikamaliza nikaona freti za katikati ndo zimeshuka zaidi, nimemchimbia bonde. Siku hizi naweka tupa juu ya kioo kinene naangalia kama mwanga unapita chini yake, pale pale mbele ya muuzaji, natembea na kipande changu cha kioo nilichopewa na watu wa madirisha ya aluminiamu. Wauzaji wengine wanakasirika. Kioo hicho hicho ukikibandika msasa ni sehemu ya kunolea patasi iliyo bora kuliko mawe mengi ninayoyaona sokoni.

Mengine ya tupa haraka haraka: inakata ikienda mbele tu, ukiirudisha huku unaikandamiza unaua meno yake. Ipake chaki kabla ya kazi ili unga wa chuma usizibe. Ukinunua ya mtumba ielekeze kwenye jua, ukiona ncha za meno zinang'aa kama zina umande basi imekwisha, meno makali hayarudishi mwanga. Na usikubali muuzaji aliyezitupa tupa zote kwenye ndoo moja zinagongana, hizo zimekwisha nusu kabla hujazinunua.

Koleo la kung'olea freti nalo nilijifunza kwa machozi. Zile za kawaida za kukatia misumari zina mdomo wenye mteremko kwa nje, haziwezi kuingia chini ya freti, zinaivuta kwa juu tu na inatoka na vipande vya mbao. Nilinunua nzuri, nikaipeleka kwenye jiwe la kusagia nikasaga uso wake mpaka ukawa bapa, makali yako mwisho kabisa wa mdomo. Wakati wa kusaga unachovya kwenye maji kila baada ya muda mfupi, ukiacha ipate joto mpaka ibadilike rangi ya bluu, ugumu wa chuma umeondoka na umejitengenezea koleo la siagi. Alafu freti yenyewe unaipasha kwanza kwa chuma cha kulehemu ndo unaivuta polepole kutoka mwisho mmoja.

Alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ni kitu kidogo lakini kimeua shingo nyingi za gita. Gita nyingi za Asia ufito wa ndani wa kunyooshea shingo unazungushwa kwa saizi za milimita, nyingi 4 ama 5. Za Kimarekani nyingi ni za inchi. Sasa mtu anachukua alenki ya milimita 3 anaiweka kwenye tundu la 1/8 ya inchi ambayo ni kama milimita 3.2, inaingia, tena inaingia kwa raha, na hiyo raha ndo ubaya wenyewe, anakaza tundu linakuwa duara. Hapo bei ya matengenezo inakuwa sawa na bei ya gita. Nunua seti mbili, ya milimita na ya inchi, ziwe za chuma kigumu, na kama inacheza hata kidogo itoe.

Kuna kosa la upande wa pili pia ambalo naona aibu kidogo kulisema. Mwaka mmoja nilipata kazi kubwa ya vyombo vya shule, ikalipa, na binamu yangu alikuwa anarudi kutoka London. Nikamtumia orodha ndefu niliyoikusanya kwenye video za mafundi wa Ulaya na Marekani. Alileta begi zima, na mimi na heshima yangu yote nikatundika kila kitu ukutani, wateja wakiingia wanaona kama hospitali. Leo nikihesabu, vile ninavyovitumia kila wiki havifiki vitano. Kuna vipimo vya mviringo wa ubao wa gita aina ambazo hazijawahi kuingia hapa dukani, kuna jigi la kutobolea mbao ambalo sijalifungua, kuna nyundo ya shaba nzuri sana ambayo naiogopa. Wakati huohuo sikuwa na kisu kizuri! Nilikuwa nimewaza duka langu liwe kama la yule mzungu wa kwenye video, sijawaza vyombo vilivyolala sakafuni vinanisubiri. Tangu hapo sinunui kifaa mpaka kazi imenijia mara mbili na nimekwama mara mbili.

Vya kutengeneza mwenyewe ni vingi kuliko unavyodhani. Kile kindoano cha kusogezea springi za saksafoni, zile sindano za bluu, nimekitengeneza kwa spoku ya baiskeli, ncha moja nimechonga mfereji wa kusukumia na nyingine nimekunja ya kuvutia. Spoku nilizipata Busia, kule mpakani ambako boda boda ilizaliwa ikiwa baiskeli. Kinashinda sindano ya baba ya kufumia, ingawa mbele yake sijasema hivyo. Taa ya kutafutia padi inayovuja ni taa ndogo za LED za kamba, unaishusha ndani ya saksafoni gizani unafunga funguo unaona mwanga unapotoka. Klampu nyingi ni vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vuta zungushia, unabana kuliko chuma na hauachi alama. Kwa adungu kisu kikali na kijiti cha mviringo chenye ncha nyembamba kilichovalishwa msasa ndo kila kitu, vigingi vyake vinakaa kwenye matundu yanayopungua na kijiti kinaweza kuchongwa kifuate upungufu uleule.

Patasi na visu vya mtumba napenda kutafuta soko la Owino, kuna siku unapata patasi kuukuu ya Sheffield, ule mji wa Uingereza unaosifika kwa chuma, imetupwa katikati ya vijiko. Nakuwa na tupa ndogo mfukoni, naigusisha kwenye kona ya chuma mahali pasipoonekana. Tupa ikiuma kirahisi chuma ni laini, makali yatajikunja siku hiyohiyo. Ikiteleza na kulia kama kioo, toa hela. Kutu ya juu isikutishe, kutu inatoka, angalia tu upande wa nyuma bapa kama una mashimo karibu na makali. Majina yaliyochapishwa usiyaamini hata kidogo, nimewahi kuona Stanley yenye "e" mbili na muuzaji ananiapia kwa mama yake.

Kutu yenyewe ni adui wa hapa kwetu. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, ukiacha tupa kwenye benchi bila kufunika baada ya wiki ina rangi ya kahawia. Vyangu nafunga kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani, isipokuwa tupa, hizo zinakaa kavu kwenye karatasi maana mafuta yanafanya ziteleze.

Alafu kuazimisha. Mimi siazimishi tena na nimegombana na shemeji kwa ajili hiyo. Alichukua ile bisibisi ya baba "dakika mbili tu", nikamkuta anafungulia kopo la rangi. Nilinyamaza, nikaenda kuichonga upya, sasa imekuwa fupi zaidi.

Kwa sasa ninachokosa ni vyuma vya kunyooshea mabonde ya tarumbeta na tromboni, vile vya duara vinavyoingia ndani ya bomba. Vinagusa chombo kutoka ndani, kwa hiyo mnajua tayari siwezi kuchukua cha hovyo, lakini bei ya kuagiza imenishinda. Nimempa fundi wa kerezo wa Katwe vipimo vya vitano, nimemlipa nusu, ameahidi Jumamosi. Nitaenda na kalipa yangu na msasa, nitavipitishia ukucha kimoja kimoja mwanga wa nje, na kikiwa na mkwaruzo hata mmoja nusu ya pili ya pesa inabaki mfukoni mpaka akisugue.